Karabina za kupandia miti: kufuli la aina gani, na likaguliwe vipi?

Karabina ni kiungo cha chuma au alumini chenye mlango wa springi, na zenye kufuli huwa na pete inayoufunga mlango huo; humuunganisha mpandaji na kamba. Msomaji mmoja wa Jinja ameniandikia hivi: “Ndugu mtaalamu, salaam. Mimi ni mwalimu, na kila Jumamosi huwachukua vijana watano wa kati ya miaka 14 na 17 tukapanda miti kwa kamba, kwa burudani tu. Kamba yetu hupita juu ya tawi ikarudi chini, na tunapanda kwa fundo la msuguano, lile linaloikaba kamba likibeba uzito. Nimepata karabina nne: mbili ni za skrubu, zimeandikwa 24 kN, moja hujifunga yenyewe, ukiizungusha pete yake mlango unafunguka, na moja ni ya chuma, kubwa na nzito, niliyoinunua sokoni, haina maandishi yoyote. Ni ipi inayofaa, na nizikague namna gani?”

Salaam, Mwalimu, na pole kwa kazi ya kuwaangalia watoto wa watu wakiwa juu ya miti. Nitangulize jibu lenyewe. Kiungo kinachouunganisha mwili wa mpandaji na kamba inayotembea kiwe karabina inayojifunga yenyewe na inayodai vitendo vitatu mfululizo kabla ya kufunguka. Za skrubu zina kazi yake, lakini si hapo. Ile inayofunguka kwa kuzungushwa tu usiiweke mahali ambapo kamba au gome la mti linaweza kuigusa. Ile isiyo na maandishi usimning’inizie mtu yeyote, hata kwa kujaribu.

Watu wengi wanapochagua karabina hutazama kwanza namba iliyochapwa ubavuni, wakaamini kwamba yenye namba kubwa ndiyo salama zaidi. Ishirini na nne unazozisoma kwenye zile mbili ni kilonyutoni (kN), kipimo cha nguvu ya mvuto, na kilonyutoni moja ni sawa na uzito wa takriban kilo 102, kwa hiyo karabina hiyo imepimwa kubeba mvuto wa kilo zaidi ya 2,400. Mtu wa kilo 80 aliyening’inia akiwa ametulia hafikishi hata kilonyutoni moja. Ukiishia hapo utadhani hakuna la kuhofia. Lakini isome tena karabina yako kwa makini, utaona namba tatu, kila moja na mchoro wake mdogo. Ya kwanza ni nguvu ya karabina inapovutwa kwa urefu wake huku mlango umefungwa. Ya pili ni inapovutwa kwa upana. Ya tatu ni inapovutwa kwa urefu huku mlango uko wazi. Katika kiwango cha Ulaya cha EN 12275, kinachohusu viungo vya wapanda milima, karabina yenye umbo la peari inatakiwa kubeba angalau kN 20 kwa urefu, lakini 7 tu kwa upana, na 6 tu mlango ukiwa wazi. Chuma ni kile kile na mtu ni yule yule, ila theluthi mbili ya nguvu imetoweka kwa sababu karabina imegeuka au mlango haukufungwa. Na hata hizo 6 zina faida iwapo tu kamba imebaki ndani, maana mlango ulio wazi unaweza kuiachia kamba ikatoka bila kitu chochote kuvunjika. Ndiyo sababu nakusihi uyaelekeze macho yako kwenye kufuli na jinsi karabina inavyokaa, kuliko kwenye ile namba kubwa.

Mti una hila ambazo mwamba hauna. Waongozaji wa Rwenzori wanaowapeleka wageni kwenye barafu hutumia sana karabina za skrubu, nao hawakosei, kwa sababu kule karabina nyingi hukaa mahali pamoja na kuonekana wakati wote. Wewe ukipanda mwembe, kiungo chako kiko kiunoni, kati ya mwili na shina. Kinagonga tawi kila unapojivuta, kinasuguliwa na kamba inayoshuka kando yake, na mara nyingi hukioni kwa sababu kimezibwa na kamba au na majani. Kufuli la skrubu likitikisika kwa saa nzima linaweza kulegea meno yake taratibu pasipo mkono wa mtu. Lile la kuzungushwa tu linahitaji kitu kimoja kilisugue pembeni kwa mwelekeo wake, kisha kitu kingine kiusukume mlango. Yote mawili hupatikana kwenye tawi moja.

Hilo nililishuhudia mimi mwenyewe kwenye fenesi moja kubwa upande wa Mukono. Nilikuwa nimening’inia chini ya tawi, nikabembea ili nifikie shina la pili, na sehemu ya kamba iliyokuwa ikishuka ikapita juu ya pete ya karabina yangu, iliyokuwa ya kuzungusha kama hiyo yako. Nilipoangalia chini niliona pete imegeuka na mlango umeanza kuingia ndani. Uzito wangu ulikuwa bado unaishikilia kamba mahali pake, na kamba ya pili niliyokuwa nimeizungushia tawi ilikuwepo, basi nikashuka salama. Tangu siku hiyo aina hiyo haijapanda nami mtini tena.

Karabina ya vitendo vitatu inazuia ajali ya namna hiyo kwa sababu vitendo vyake havifanani. Zipo ambazo pete husukumwa juu kwanza, kisha ikazungushwa, ndipo mlango ukabanwa kuingia ndani. Na zipo zenye kitufe kidogo cha mviringo kinachobonyezwa kabla ya pete kuzunguka. Kamba inaweza kuzungusha, na gome linaweza kusukuma, lakini ni vigumu sana kwa vitu hivyo kusukuma juu, kuzungusha na kubana kwa mfuatano unaotakiwa. Kiwango cha EN 362, kinachohusu vifaa vya kuwakinga wafanyakazi wasianguke, kinataka kiungo kifunguke kwa vitendo visivyopungua viwili vya makusudi. Kile cha Marekani cha kazi za miti, ANSI Z133, ni kikali zaidi: kinataka karabina inayojifunga na kujikaza yenyewe, yenye vitendo viwili vya kuuandaa mlango kabla ya kitendo cha kuufungua, na yenye uwezo wa pauni 5,000, yaani zaidi kidogo ya kN 22. Ingawa wewe na vijana wako mnapanda kwa burudani, ningependa mfuate hicho kikali, kwa kuwa mti hautofautishi aliyelipwa na asiyelipwa.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: mkono wa mtu una nafasi yake. Kabla ya kununua, mpe kijana mwenye mkono mdogo kuliko wote aifungue na kuifunga karabina kwa mkono mmoja, wa kulia kisha wa kushoto. Akishindwa, hataiacha, ataanza kuifungua nusu nusu na kuiachia bila kuhakikisha, na hapo kufuli zuri linageuka kuwa hatari mpya.

Kuhusu umbo, nitasema kwa ufupi. Yenye umbo la herufi D huupeleka mzigo karibu na uti, yaani upande usio na mlango, na kwa mahali ambapo kamba inaungwa na mkanda wa kupandia, ule unaovaliwa mwilini, hiyo ndiyo ninayoipenda. Ya peari ina nafasi pana ya fundo nene, ila hugeuka kirahisi zaidi. Ya yai inafaa puli, kwa kuwa puli hukaa katikati yake bila kuegemea upande. Kinachopita umbo kwa umuhimu ni fundo unalolifunga hapo. Ukifunga kitanzi kikubwa kilicholegea, karabina itazunguka ndani yake hadi ivutwe kwa upana. Tumia fundo linaloikaba karabina yenyewe na kuikalisha kwenye kona yake, kama lile la kuzungusha mara mbili na kurudisha ncha ndani, uache mkia wa kutosha, kisha ulivute kwa nguvu mpaka likae. Fundo likikaba, karabina haina pa kugeukia.

Kuna chuma na kuna alumini. Aloi ya alumini ni nyepesi, na kwa mpandaji wa burudani inatosha kabisa, lakini ni laini, na kamba iliyobeba vumbi jekundu la barabara zetu inaitafuna kama msasa. Chuma kinavumilia msuguano, ila ni kizito, na kikiachwa na unyevu wakati wa mvua za Machi hadi Mei kinaota kutu mapema kuliko unavyodhani, hasa kwenye springi, ambako hukioni. Ikiwa una sehemu ambayo kamba inapita moja kwa moja juu ya karabina kila mara, weka karabina ya chuma au pete maalumu ya kupitishia kamba hapo; kwingineko chukua alumini.

Usiitumie karabina yoyote kukabia shina, yaani kuzungusha kamba kwenye mti kisha ukaifunga kamba hiyo hiyo kwa karabina iliyolala juu ya gome. Shina ni la mviringo, karabina ni nyoofu. Mzigo ukija, itapinda juu ya ule mviringo kama kijiti kwenye goti, na hakuna namba iliyochapwa juu yake inayohesabu mvuto wa namna hiyo. Kwa kazi hiyo tumia fundo la kitanzi kinachokaza, au kiungo cha chuma chenye nati ya kukazwa kwa spana, kilichopimwa na kuandikwa namba zake.

Sasa ukaguzi. Wengi huutazama kama jambo la macho, lakini kwangu mimi kidole na sikio hugundua mengi kabla ya jicho. Anza kwa kuisafisha, kwa maana huwezi kukagua uchafu. Kisha ishike karabina kwenye mwanga wa jua, pitisha ukucha wa kidole gumba kuanzia kwenye uti, uzunguke kona zote mbili, hadi kwenye pua, yaani ile ncha ambayo mlango huikuta unapofunga. Ukucha ukikwama, simama hapo hapo utazame: je, ni mkwaruzo wa juu juu, ni ukingo mkali unaoweza kuikata kamba, au ni ufa? Mkwaruzo si kitu. Ufa, hata wa urefu wa punje ya mchele, ni mwisho wa karabina hiyo. Katika kona ambamo kamba hukaa utakuta mfereji laini uliochongwa na msuguano. Mimi huitoa kazini ukifika kina cha milimita 1, na kama karatasi ya mtengenezaji wako inataja kipimo kidogo zaidi, fuata hicho. Kisha iweke juu ya meza iliyonyooka uone kama imelala sawasawa, kwa sababu karabina iliyowahi kupinda mara nyingi hujificha machoni lakini meza huifichua.

Baada ya mwili, nenda kwenye mlango, nao ndio unaostahili muda mrefu kuliko vyote. Ufungue mpaka mwisho, uuachie ghafla. Urudi kwa nguvu ile ile na ufunge wenyewe, bila kusaidiwa. Halafu ufungue robo tu, uuachie. Ufungue nusu, uuachie. Na upenyo mdogo kabisa, milimita moja au mbili, uuachie. Springi iliyochoka hufunga vizuri kutoka mbali, kwa kuwa mlango unapata mwendo, lakini hukwama katika zile milimita za mwisho, na hizo ndizo zinazoliamua kufuli. Sikiliza mlio: karabina nzima hutoa sauti fupi na kavu, iliyojaa utomvu hufunga kimya. Rudia mara 10, kisha igeuze juu chini urudie, kisha ilaze ubavu urudie tena, kwa kuwa mtini haitakuwa imesimama kama ilivyo mkononi mwako. Kufuli nalo lijikaze lenyewe kila mara. Likihitaji kidole chako kulisukuma sehemu ya mwisho hata mara moja kati ya hizo 10, halijapita. Mwishoni ubane mlango huku kufuli limefunga, ukijaribu kuufungua kwa nguvu, na utikise kushoto na kulia uone kama ribiti ya bawaba imelegea. Mchezo mdogo ni wa kawaida kwenye baadhi ya karabina tangu dukani, ndiyo maana ni vizuri kuikagua ikiwa mpya na kukumbuka ilivyokuwa.

Kwa zile za skrubu, fungua pete hadi mwisho utazame meno yake kama yana mchanga au yamelika, kisha uikaze kwa vidole tu. Usiikaze kwa nguvu wakati mtu amening’inia, kwani mzigo ukiondoka inaweza kugoma kufunguka. Baadhi zina mstari mwekundu chini ya pete. Ukiuona mwekundu huo, kufuli halijafungwa.

Miti yetu ina maziwa mengi. Mutuba, fenesi na mwembe zote hutoa utomvu unaoganda ndani ya pete ya kufuli, na nimeona karabina nzuri zikitupwa bure kwa kudhaniwa zimekufa wakati zilihitaji kuoshwa tu. Iloweke katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini, yasizidi joto la nyuzi 40, uisugue kwa mswaki wa zamani kwenye bawaba na chini ya pete huku ukifungua na kufunga, isuuze, uikaushe kivulini kwa muda wa kutosha, kisha tia kilainishi kikavu cha grafiti au cha silikoni kwenye bawaba na ufute kinachobaki. Usitumie oili ya injini kamwe. Najua iko karibu katika kila gereji, na ya kwanza kushauriwa na majirani, lakini hukamata vumbi na kuugeuza mlango kuwa tope baada ya wiki moja, na pia huihamia kamba.

Kagua kila siku ya kupanda, kabla ya mtu kuondoka chini. Ukaguzi mkubwa, wa ukucha, meza na kuosha, uufanye na mtu mwingine anayeelewa vifaa hivi. Watengenezaji wengi huutaka angalau mara moja kila miezi 12. Uingereza vifaa vya kuinulia watu hukaguliwa kila miezi 6, na kwa karabina zinazoshikwa na vijana watano kila wiki, nami ningechukua hiyo miezi 6. Andika katika daftari namba ya kila karabina, siku uliyoipata, na ulichokiona. Zikianguka kutoka juu hadi kwenye mwamba au saruji, au zikibeba anguko kubwa, usizungumze nazo tena. Watengenezaji wanasema zitoke kazini hata kama hazionyeshi jeraha, nami nakubaliana nao.

Kuhusu alama, tafuta kwenye chuma chenyewe, si kwenye kibandiko: jina la mtengenezaji, zile namba tatu za kilonyutoni, namba ya kiwango kama EN 362 au EN 12275, herufi CE zikifuatwa na namba nne za taasisi iliyokagua, na namba ya pekee ya kifaa hicho. Fahamu kwamba EN 12275 yenyewe haimaanishi kuwa kuna kufuli, kwa maana karabina nyingi za wapanda mwamba zisizo na kufuli hubeba kiwango hicho hicho. Alama zinaweza kughushiwa pia, hivyo usinunue kutoka kwa muuzaji asiyeweza kukupa karatasi ya maelezo, na iliyotumika uichukue tu kwa mtu unayemjua na atakayekuhadithia ilikopita.

Turudi kwenye zako nne. Zile za skrubu, zikipita ukaguzi, zitumie kufungia puli ya kupandisha mizigo, mkoba wa maji na kamba za ziada. Ya kuzungusha iende nazo. Hadi utakapopata za vitendo vitatu, mfungie kijana kamba moja kwa moja kwenye mkanda wake kwa fundo la nane lililorudishwa, yaani lenye umbo la namba 8 ambalo ncha ya kamba hupitishwa kwenye mkanda kisha ikarudi kuifuata njia ile ile ya fundo, mahali karatasi ya mkanda inapoelekeza, na wewe ndiye ulikague kila fundo, si kijana mwenyewe. Baadaye, mkishapata karabina, mfundishe kila mmoja kufunga, kusikia kufuli likijikaza, kubana mlango, kisha kutazama; halafu aketi kwenye mkanda akiwa nusu mita tu juu ya ardhi, uzito ukae, na atazame mara ya pili, kwa sababu karabina mara nyingi hugeuka pale tu mzigo unapoingia. Akifika tawini na kupumzika, kabla ya kuuhamisha uzito kutoka kamba moja hadi nyingine, afanye hivyo tena.

Ile ya sokoni isiyo na maandishi ikate vipande viwili kwa msumeno wa chuma kabla ya kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ukiiacha nzima, hata ukiipa kazi ya kufungia mbuzi, siku moja kijana asiyejua ataikuta kwenye sanduku la vifaa na kupanda nayo.